Bolti za springi za Land Rover 109 zimeganda kwa kutu, naombeni msaada

Kijana wa Raskazone:
Habari zenu wakuu. Nina Land Rover 109 Series III aliyoniachia marehemu baba. Miaka mingi imebeba samaki na barafu njia ya Pangani, ikirudi inalala uani kwetu, upepo wa bahari unaipiga usiku kucha. Bodi ni aluminiamu, ukiitazama utasema nzima. Msiba uko chini.

Jani kuu la springi ya nyuma kushoto limekatika. Yubolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zimetoka baada ya kutwa nzima, ila bolti za shakeli, vile vibao viwili vya chuma vinavyoshika springi kwenye chesisi, zimenishinda pande zote mbili. Nati imefunguka, lakini bolti nikiizungusha inakwenda robo, nikiachia spana inarudi yenyewe. Nimeimwagia mafuta ya taa siku 3. Kijana wa gereji anataka tuitoe kwa nyundo kubwa. Gari hii ndiyo iliyotusomesha mimi na dada zangu, sitaki kuiharibu kwa pupa.

Fundi wa Ngamiani:
Mwanangu, nyundo usiiruhusu. Kinachoirudisha bolti ni mpira. Katikati ya bushi, yaani bomba la nje lenye mpira ndani, kuna bomba dogo la chuma, na bolti imepita humo. Kutu imevishikisha viwili hivyo, kwa hiyo ukizungusha bolti bomba linakwenda nayo, mpira unajinyonga, ukiachia unarudi.

Tena kibao kimoja cha shakeli kimekatwa nyuzi kama nati. Nati umeitoa, lakini bolti bado imefungwa pale. Ukigonga unaua nyuzi na kukunja masikio ya chesisi, na chesisi ya chuma iliyokula chumvi haina nguvu ya kugombana na nyundo.

Mimi hukata. Egemeza chesisi juu ya stendi au magogo mazito, jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Ekseli nayo iwe na kitu chini. Pitisha jani la msumeno wa chuma kati ya kibao na bushi, pande zote mbili. Grainda inawahi, ila angalia cheche zisifike kwenye tangi wala bomba la breki. Bushi ikibaki kwenye chesisi, toa mpira, kisha kata mfereji mmoja ndani ya bomba la nje kwa jani la msumeno. Kata polepole, usiguse chesisi. Ukilipiga tindo litajikunja lenyewe. Moto wa gesi usiupeleke kwenye springi utakayoirudisha, itapoteza ugumu wake.

Mama Naila, Pongwe:
Kaka, wakati wa kufunga paka grisi kwenye bolti. Bolti za shakeli usizikaze mpaka mwisho gari likiwa juu. Lishushe, uzito ukae kwenye magurudumu, ndipo ukaze. Mimi niliwahi kukazia hewani, bushi mpya zikapasuka mapema sana.

Kijana wa Raskazone:
Shikamoo mzee, na ahsante dada. Upande wa kulia umetoka leo kwa msumeno, majani 4 yameisha. Bolti niliyoikata ilikuwa imeliwa katikati mpaka nyembamba kama kidole cha mtoto, na baba alikuwa akipakia magunia juu yake. Chesisi nimeigonga kwa bisibisi kote, imelia vizuri isipokuwa sehemu moja nyuma ya gurudumu, bisibisi imezama. Hapo nitaita mchomeleaji kabla sijarudisha chochote. Kesho asubuhi naanza kushoto.