"Modi ya kompyuta dhaifu", dhaifu ya nani hiyo? Mnatumalizia bando

Nyie mnaopandisha mtandaoni modi za grafiki, yaani faili za kubadilisha sura ya gemu, na kuandika kwa herufi kubwa INAKWENDA KWENYE KOMPYUTA DHAIFU, leo nina maneno na nyie. Na simtaki radhi mtu.

Nimeshusha furushi la modi za GTA San Andreas, GB 9. Gemu lenyewe likishasakinishwa halifiki GB 5. Limetoka kwenye kompyuta mwaka 2005, na kiwango cha chini walichokitaja watengenezaji wenyewe ni RAM ya MB 256 na kadi ya grafiki ya MB 64. Sasa niambieni, gemu lililokuwa likienda kwenye mashine ya namna hiyo limekuwaje leo linaiangusha laptopu yenye prosesa ya Core i5? Mie niko Chake Chake, Pemba, bando sipewi sadaka.

Nikaenda kwenye maelezo ya video ya huyu bwana aliyelipandisha furushi, nimtizame anachezea mashine gani. Chini kabisa, baada ya linki zake zote na pahala pa kumchangia, ndo kaandika: kadi ya grafiki ya RTX 3060. Hiyo kwake ni dhaifu, maana kuna mwenzake ana 4090! Ile kadi ina kumbukumbu yake peke yake, hailali njaa. Sisi huku laptopu zetu ni za mtumba kutoka Dubai, ThinkPad na EliteBook zilizostaafishwa na maofisi ya watu. Ndani grafiki ni Intel HD 4000 iliyomo kwenye prosesa, RAM GB 4 kipande kimoja, kioo 1366 kwa 768. Hiyo Intel haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM hiyo hiyo ambayo Windows imeshaila nusu kabla hujafungua kitu.

Tuzungumze tekscha, maana uongo wote umejificha hapo. Tekscha ni ile picha inayobandikwa juu ya ukuta, lami, gari, uso wa mtu. Nyie kila kitu mnakipa tekscha ya 4K, yaani nukta 4096 kwa 4096. Hizo ni nukta zaidi ya milioni 16 kwa picha moja ya mlango. Kioo changu chote, kuanzia pembe hii mpaka pembe ile, kina nukta milioni moja na kidogo. Ni kumimina debe la maji kwenye kikombe cha kahawa kisha unasifia maji mengi.

Na hesabu haiishii kwenye kioo. Tekscha ya 1024 kwa 1024 iliyobanwa kwa DXT5, njia ya kubania picha za gemu, ni MB 1. Ya 4096 ni mara 16 yake, MB 16, na ukiongeza zile nakala ndogo za kuonekana kwa mbali inafika kama MB 21. Wengine uvivu umewazidi hata kuibana hawaibani, wanaitia nzima nzima, MB 64 picha moja. San Andreas kwa asili yake imetengewa takriban MB 50 tu za kuitia na kuitoa ile dunia unapotembea. Umeona kinachotokea? Tekscha tatu za huyo bwana, zikiwa zimebanwa, hazienei humo. Moja isiyobanwa haienei peke yake.

Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu kwenye laptopu ya mpwa wangu. Kijana kachukua gari pale Grove Street, mbingu imekuwa ya waridi kama sharbati, lami inang'aa imerowa na mvua haijanyesha. Kipimo cha fremu, yaani picha ngapi kwa sekunde, kwenye kona kinasoma 9. Kafika darajani, barabara haipo. Haipo kabisa! Gari linaelea, nyumba zimebaki vivuli vya kijivu, kisha gemu likajifunga lenyewe bila ya kusema kwaheri. Mtoto ananitizama mie kama vile mie ndo nimeiuza hiyo barabara.

Na hapa namgeukia fundi wa hapa mjini, jina nalihifadhi. Huyu mpwa wangu alikusanya pesa zake za Idi. Wenziwe wamekwenda Tibirinzi kupanda pembea, yeye kazibana, kakuletea wewe kwa sababu umebandika karatasi mlangoni "tunaboresha grafiki". Ulichofanya ni kushusha furushi lile lile la bure na kulimwaga juu ya gta3.img ya asili, lile faili lenye maumbo na tekscha za gemu. Hukuacha nakala! Kuna Mod Loader miaka mingi sasa, unatia modi kwenye folda yake, faili za asili haziguswi, ikikushinda unafuta folda gemu linarudi lilivyokuwa. Fundi mzima hulijui hilo? Kijana aliporudi kulalamika ukamwambia mashine imechoka, anunue nyingine, na bahati nzuri unayo ya kuuza. Loo! Wallahi nimecheka kwa ghadhabu.

Mashine haijachoka. Nimefuta takataka zako zote, nikarudisha gemu kutoka kwenye laptopu yangu, nikatia SilentPatch ya kurekebisha makosa ya zamani, na SkyGfx. Hiyo SkyGfx ni MB chache tu. Toleo la PS2 lilikuwa na rangi yake, ule ukungu wa machungwa wa jioni, gemu lilipohamishiwa kompyuta ikapotea. SkyGfx inairudisha, pamoja na mng'aro wa magari. Haibadilishi tekscha za gemu, na mtu anaingia chumbani anauliza hili gemu gani. Tekscha nilizobadilisha ni za vitu vinavyokaa mbele ya macho muda wote: lami, nguo za CJ, yule unayemchezea, magari machache. Nyingi 512, hakuna hata moja iliyopita 1024. Fremu zinakaa 25, na kwa taarifa yenu gemu hili ukiwasha kizuizi chake cha fremu ndo linakwenda hapo hapo kwenye 25. Ukikizima kuogelea kunaharibika na magari yanafanya vituko.

ENB, ile modi ya kuongeza mianga na vivuli, sitaki kuisikia kwenye Intel HD. Najua ni kazi ya mtu hodari, Boris Vorontsov, simkosei heshima. Lakini vile vivuli vya kwenye pembe za kuta, vile viakisi, ule ukungu wa kwa mbali, vyote vinapigiwa hesabu upya kila nukta, kila fremu. Mwenye kutaka kuchezea rangi atie ReShade, programu ya kupaka picha juu ya gemu, awashe SMAA ya kulainisha kingo na faili la rangi, basi. Akigusa MXAO, ile ya vivuli vya pembeni, asije kulia hapa.

Jambo jengine hamlisemi kwa sababu halina linki ya kubofya: RAM kipande kimoja. Hiyo Intel inakula kwenye RAM, na DDR3 ya 1600 ikiwa kipande kimoja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Tia cha pili kinachofanana nacho, inakuwa 25.6. Modi gani itakupa hivyo? Na toeni vumbi kwenye feni, mbadilishe na pesti ya prosesa. Joto hili la kaskazi laptopu inajishusha kasi yenyewe halafu mnalaumu gemu.

Ninachotaka si kikubwa. Mtu akipandisha modi aandike juu kabisa, si chini ya namba za kuchangiwa: kadi gani, RAM kiasi gani, kioo cha ukubwa gani, tekscha zake ni ngapi kwa ngapi, fremu kabla na fremu baada. Asiyeandika hayo afute neno dhaifu kwenye kichwa chake cha habari. Na nyie wa "nunua PS5 ndugu" piteni njia yenu, huu uzi si wenu.

Fundi, unajijua na duka lako nalijua. Pesa ya mtoto irudi kabla sijakuja na babake.

Wa Unguja, kuna mtu anajua duka pale Darajani lenye RAM ya laptopu, DDR3 GB 4, nzima iliyojaribiwa? Semeni bei, nina mtu anapanda meli kesho kutwa.