Kompyuta ya mezani haitoi sauti baada ya kusakinisha upya Windows 10

Swali
Ndugu wataalamu, naomba msaada. Tangu nisakinishe upya Windows 10, spika za kompyuta yangu ya mezani zimenyamaza kabisa, ingawa nikizichomeka kwenye simu zinalia vizuri. Alama ya spika karibu na saa haina msalaba mwekundu.

Jibu
Kama msalaba haupo, mfumo unakiona kifaa fulani cha sauti; suala ni kipi. Bofya alama hiyo usome jina lililo juu ya kipimo cha sauti, kwani kioo (skrini) cha kompyuta kikiunganishwa kwa waya wa HDMI, sauti huweza kupelekwa huko hata kama kioo chenyewe hakina spika.

Muulizaji
Ni kweli, naona jina la kioo tu, wala hakuna kingine cha kuchagua.

Jibu
Basi yaelekea draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya sauti ya bodi kuu haijaingia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc ili kufungua orodha ya vifaa vya kompyuta, kisha utafute kifaa chenye alama ya mshangao ya njano. Draiva ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi kwa kufuata modeli yake, na uachane na zile programu zinazojidai kukusanya draiva zote kwa mkupuo. Nyingi ni takataka.

Jibu
Kifaa kisipoonekana kabisa, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uhakikishe kwamba sauti ya bodi haijazimwa. Waya wa spika uwe kwenye tundu la kijani, nyuma.