Waliomaliza kilomita 21 kwa mara ya kwanza hapa Mwanza, tupeane uzoefu

Mama Kulwa
Heshima kwenu wakuu. Jana nilipanda daladala ya Airport. Konda alipoita "Pasiansi wapo?" mapaja yakakaza yenyewe palepale kwenye siti, maana hapo ndipo mwaka juzi nilitaka kung'oa namba kifuani nikae chini ya mti. Usiku sikulala vizuri, nakumbuka tu. Nimeona nilete hapa, waliopita njia ile waseme yao.

Nina miaka 43, nauza mchele Kirumba. Mara ya mwisho kukimbia nilikuwa darasa la sita. Presha ilipanda, daktari akasema tembea. Nikawa natembea alfajiri hadi Bwiru na kurudi. Siku moja nikakimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, kesho yake nguzo mbili. Hivyo hivyo. Ilinichukua miezi sita kuthubutu kulipia. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya safari ndefu: kilomita 8, 10, 12, ya mwisho 18, wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Kisha nikapunguza, miguu ipumzike.

Kosa langu lilikuwa mwanzo. Tulipoachiwa nikaondoka na kundi la vijana. Kilomita 5 za kwanza dakika 31, wakati mazoezini natumia 38! Nikajiona nina mabawa. Kilomita ya 14 mwili ukaja kudai chake. Nilihisi miguu si yangu, nimeazimwa tu na mwenyewe anaitaka. Mzee mmoja, mvi kichwa kizima, akanifikia akaniambia kwa Kisukuma chetu cha kumwita mama, "Mayu, usisimame. Tembea." Nikatembea. Nguzo hadi nguzo, kama siku ya kwanza, hadi uwanjani. Saa 2 na dakika 52. Kulwa analia, Doto anapiga kelele, sikujua nimshike yupi kwanza.

Haya, karibuni.

Ngosha wa Igoma
Hiyo Pasiansi inakuja kila mwaka. Nimekuelewa kabisa mama.

Marathoni ni 42
Hongera mama. Ila wengi hapa wanasema "nimekimbia marathoni". Marathoni ni kilomita 42.195. Hizo 21.1 ni nusu. Tuheshimu umbali. Mtanzania wetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia kule Tokyo mwaka 2025 alikimbia 42 nzima kwa saa 2:09:48, na akamwacha Mjerumani aliyeshika nafasi ya pili kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Huo ndio umbali wa wanaume.

Binti Bwiru
Umbali wa wanaume kwa vipi kaka? Mama kasema kilomita 21 tangu kichwa cha habari, wala hakutaja marathoni. Umesoma?

Fundi Baiskeli
Mimi yangu ni viatu. Nilifanya mazoezi yote na raba za mtumba nilizonunua Mlango Mmoja, zimeshakuwa laini, zinanijua. Wiki ya mbio shemeji yangu akaniletea raba mpya kutoka Dar, nzuri kweli. Sikutaka kumvunja moyo, nikazivaa siku ileile. Kilomita ya 7 kisigino kinaungua. Ya 11 nahisi unyevu, nikadhani nimekanyaga maji. Ilikuwa damu. Nikavua, nikakimbia na soksi kama kilomita moja hivi, lami ikaanza kuchoma, nikavaa tena huku nimekanyaga kisigino cha kiatu kama ndala. Nilimaliza hivyo, saa 2 na dakika 31. Kucha zote mbili za vidole gumba zilikuwa nyeusi, baada ya wiki tatu zikadondoka.

Kwa hiyo ndugu zangu: chochote ambacho hukukivaa mazoezini usikivae siku hiyo. Bukta, soksi, hata chupi. Na mafuta ya mgando kwapani na katikati ya mapaja, pakeni mengi, pakeni bila aibu. Chumvi ya jasho ni kama sandipepa.

Mzee wa Kamanga
Viatu viwe vikubwa kwa namba moja, uwe na nafasi, kidole kisiguse mbele. Mguu unavimba ukikimbia muda mrefu.

Ngosha wa Igoma
Chakula jamani. Usiku wa kuamkia mbio: matobolwa (viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa) na karanga. Mengine yote ni kuhangaika.

Dereva wa Usagara
Matobolwa yaliniangusha mimi. Kilomita ya 9 tumbo lilikuwa linanguruma hadi jirani yangu akasikia, nikaingia baa moja nikaomba choo, nimekaa humo dakika sita. Tangu siku hiyo ni wali mweupe na sato wa kuchemsha, saa 12 jioni, basi. Asubuhi ndizi moja na chai.

Ngosha wa Igoma
Ulikula kiasi gani? Watu mnajaza sufuria halafu mnasingizia matobolwa. Babu zetu walilima kutwa nzima kwa matobolwa.

Dereva wa Usagara
Walilima, hawakukimbia kilomita 21 ndugu. Jembe halitikisi tumbo.

Binti Bwiru
Naomba niseme ya wanawake kidogo. Ugumu wangu haukuwa siku ya mbio, ulikuwa mazoezini. Kazini naingia saa 2, kwa hiyo lazima nitoke saa 11 alfajiri, na kwetu huku kunakucha saa 12 na nusu. Giza. Bodaboda wanakufuata taratibu, "dada unamkimbia nani?" Wengine wanasema mabaya zaidi. Mbwa wa Isamilo sijawasahau. Niliacha mara mbili kabisa, nikasema sitaki tena.

Kilichonirudisha ni akina dada wanne niliowakuta wakizunguka Capri Point. Sikuwajua. Nikasogea nyuma yao kama hatua kumi, wakapunguza mwendo bila kusema, nikawa ndani. Tangu hapo kila Jumanne na Alhamisi. Kama hujawahi kuzunguka Capri Point saa 11 na nusu siku isiyo na mbalamwezi, bado hujaiona Mwanza. Taa za wavuvi wa dagaa ziko mbali ziwani utafikiri kuna mji mwingine ng'ambo, harufu ya maji inakuja baridi, makorongo yamelala juu ya miti. Hamsemi kitu, mnasikia tu viatu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nitamaliza, miezi miwili kabla.

Nilimaliza saa 2 na dakika 20. Lakini nikiulizwa zawadi yangu ilikuwa nini, ni zile alfajiri.

Mama Kulwa
Binti, umeniliza.

Mtoto wa Mabatini
Mimi ushauri wangu ni mlima. Pandeni Bugando mara mbili kwa wiki hadi mapafu yazoee. Ukishapanda Bugando mara tano mfululizo, barabara ya Airport utaiona meza.

Fundi Baiskeli
Usimpoteze mgeni. Anayeanza akipanda Bugando mara tano mfululizo atavimba ugoko mwezi mzima. Mimi lilinipata. Kwanza kilomita za tambarare, taratibu, kasi ambayo unaweza kuongea na mwenzako. Mlima baadaye.

Mtoto wa Mabatini
Mlima ndiyo shule. Mwanza yote ni mawe na miinuko, utakimbilia wapi tambarare, ziwani?

Kaka wa Luchelele
Nimesoma mpaka hapa nikasema leo niandike. Sijawahi kumwambia mtu zaidi ya mke wangu.

Zilikuwa mbio zangu za kwanza. Miezi mitano ya maandalizi, Luchelele hadi Nyegezi, Nyegezi hadi Mkolani na kurudi, jozi mbili za raba nimezimaliza. Ijumaa jioni mwili ukaanza kuuma. Nikasema ni uchovu. Jumamosi usiku baridi, nikavaa sweta, mke wangu akanishika paji la uso akasema unachemka. Nikamwambia ni wasiwasi wa kesho. Nikanywa vidonge viwili vya maumivu vya duka la dawa, asubuhi viwili tena. Nilishalipa, kazini wote wanajua, fulana ninayo. Niliona aibu kurudi nyuma.

Kilomita 10 za mwanzo nilikimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na hilo ndilo linanitisha mpaka leo. Dawa ilikuwa imefunika. Kwenye ya 12 nikaona jasho limekata. Jua linawaka, mimi vinyweleo vimesimama kwa baridi. Kwenye ya 15 barabara ikaanza kuinuka mbele yangu kama ukuta. Mtu akaniuliza jina langu, ninalijua, lakini halitoki mdomoni.

Sikumbuki kuanguka. Ninachokumbuka ni harufu ya ndizi mbivu. Mama mmoja anayeuza ndizi kando ya barabara alikuwa ameweka kichwa changu mapajani kwake, kitenge chake cha mabegani amekilowesha, ananifuta shingo na kwapa, huku anamfokea kijana wa bodaboda asimame. Wakanipakia katikati, kijana mbele, mama nyuma amenikumbatia nisidondoke. Ndizi zake aliziacha palepale juu ya ndoo, bila mtu.

Walipopima ni malaria, kali. Na sukari ilikuwa imeshuka. Dripu, sindano, siku tatu kitandani. Nesi alinisema hadi nikafumba macho. Mke wangu hakunisema hata neno moja, alikaa tu pembeni ameshika mkono wangu. Ule ukimya uliniuma kuliko sindano.

Mwaka uliofuata nilirudi. Siku mbili kabla nilikwenda kupima nikiwa mzima kabisa. Kilomita ya 17 yule mama alikuwepo, ndoo ileile. Nikasimama. Watu wananipita, sijali. Akanitazama, akanitambua, akaita "Baba!" Akamenya ndizi akanipa mkononi, akasema nenda, ukimaliza urudi unisalimie. Nilimaliza saa 2 na dakika 14, nikarudi kwa bodaboda, nikamvalisha medali yeye. Iko kwake mpaka leo.

Ngosha wa Igoma
Daah.

Binti Bwiru
Nimesoma mara mbili. Mungu ambariki huyo mama.

Mtoto wa Mabatini
Pole sana kaka, ila tuseme ukweli, ulijitafutia. Mkeo kakuambia unachemka.

Dereva wa Usagara
Kwani hajakiri? Mtu kaja kuweka moyo wake mezani, wewe unamhukumu. Usichukue ya mlima ukaileta huku.

Mtoto wa Mabatini
Simhukumu. Nasema ili mwingine asifanye. Nina mdogo wangu anajiandaa sasa hivi, na ni mbishi hivyohivyo. Nimeogopa, ndiyo maana nimeandika kwa ukali. Kaka, unisamehe.

Kaka wa Luchelele
Hujakosea, ndugu. Mwonyeshe mdogo wako niliyoandika.

Nesi wa Zamu
Nimepokea wakimbiaji wa namna hii zaidi ya mara moja, niruhusuni nirefushe kidogo. Huku kanda ya ziwa homa yoyote pima malaria kwanza, kipimo cha kidole kinatoa jibu ndani ya nusu saa. Ukiwa na homa, usikimbie, hata kama umelipa, hata kama fulana ni nzuri. Na zile dawa za maumivu jamii ya diklofenaki ukizinywa halafu ukapoteza maji mengi juani, unazibana figo zako. Homa inajificha, ugonjwa uko palepale.

Jingine ni maji. Kuna wanaosema kunywa kila kituo hata kama huna kiu. Anayekwenda polepole, saa 3 njiani, akijaza maji matupu kila kituo, chumvi ya damu inazimuliwa, kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, na watu wanamwongeza maji wakidhani ndiyo dawa. Kunywa ukisikia kiu.

Mzee wa Kamanga
Mimi hunywa kila kituo na nina miaka 61, sijawahi kutapika.

Nesi wa Zamu
Mzee wangu shikamoo. Hunywa kikombe kizima au unasuuza?

Mzee wa Kamanga
Marahaba. Mafunda mawili, mengine kichwani.

Nesi wa Zamu
Basi tunasema kitu kimoja baba.

Marathoni ni 42
Nimerudi. Naomba radhi kwa neno la "wanaume", halikuwa sahihi. Nilianza kukimbia kwa sababu ya baba yangu. Alikuwa akinisimulia habari za Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bendeji, anaingia uwanjani wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Baba alikuwa akilia kila akifika hapo. Ndiyo maana 42 ni kitu kikubwa kwangu. Mama Kulwa, saa 2 na dakika 52 kwa nguzo hadi nguzo, baba angesimama akupigie makofi.

Mama Kulwa
Asante mwanangu, nimepokea. Kaka wa Luchelele, yule mama bado anauza palepale? Mimi ninapita njia hiyo kila siku na sijui kama nimewahi kumsalimia.

Kaka wa Luchelele
Yupo Nyamanoro, mkono wa kushoto ukiwa unaelekea mjini. Ndoo ya bluu. Anafika saa 12 asubuhi.

Ngosha wa Igoma
Jumapili nina kilomita 16 za mazoezi. Nageuza njia, nipite hapo, nibebe hela mfukoni. Nitachukua chana nzima.

Binti Bwiru
Nisubiri kipilefti ya Samaki saa 11 na nusu. Sisi tutakuwa watano.