Msaada: dari ya mteremko, nyumba ya zamani Lushoto, baridi imetushinda

Mzawa wa Usambara: Wakuu habari za jioni. Nina nyumba ya urithi Lushoto, babu aliijenga miaka ya 60. Vyumba viwili vya nyuma dari yake haijalala, inafuata mteremko wa paa, kwa hiyo hakuna upenyo wa mtu kupanda juu kuweka kitu. Mwezi wa 6 na wa 7 humo ndani ni kama umelala nje, na asubuhi mabati yanatoa jasho mpaka matone yanapenya kwenye maungio yanadondokea kitanda cha bi mkubwa. Fundi anasema tuweke fomu (yale magodoro magumu ya kuzuia baridi) halafu bodi za gipsam kwa chini. Kuna aliyewahi kufanya? Nisaidieni na bei

Kigogo2: Ezua paa lote piga kenchi mpya. Nyumba ya babu ni kula hela tu

Mama Twalib: Mimi nimeolewa Njombe, baridi naijua. Usije ukakubali mama awashe jiko la mkaa chumbani eti apate joto, mdogo wangu tulimkuta amezirai mlango umefungwa na mkaa bado mwekundu, Mungu tu. Tangu siku ile jiko linalala nje hata mvua inyeshe

Fundi Mbao: Mkuu jasho la mabati linatokana na hewa ya ndani yenye unyevu, watu wanapumua, chai inachemka, ile hewa inapanda inakutana na bati la baridi inageuka maji. Ukijaza fomu mpaka igusane na bati maji yatabaki humo humo na mbao zitaoza kimyakimya. Acha kama inchi 2 za hewa kati ya bati na fomu, hewa iingilie chini kwenye fisha bodi (ule ubao wa ukingo wa paa) itokee juu kwenye kofia ya paa. Kenchi zako kama ni 2x4 unabaki na inchi 2 tu za kujaza, kwa hiyo ongeza nyingine kwa chini, halafu nailoni nzito upande wa chumbani, halafu gipsam. Fomu usiiache wazi, ikishika moto moshi wake ni sumu. Na waya za umeme za zamani zibadilishwe kwanza. Sasa niambie, dari iliyopo ni ya nini? Mbao au bodi?

Mzawa wa Usambara: Asante sana fundi. Dari ni ya kawaida tu ya zamani. Nailoni naipata kwa mita?

Fundi Mbao: Kawaida ipi? Mbao, au zile bodi za kijivu?

Mzawa wa Usambara: Za kijivu, ngumu kama saruji. Kuna mzee jirani alisema ni asbestosi, zile bodi za saruji yenye nyuzi za madini, ila mzee naye anaongea mengi. Fundi wangu wa huku nimeshampa laki 4 na juzi ameshakata upande mmoja na grinda, sasa nikisimamisha hela inapotea. Na babu amelala chini ya dari hiyo hiyo mpaka miaka 91 hajawahi kuugua kifua

Mama Twalib: Yarabi

Fundi Mbao: SIMAMISHA. Bodi ikiwa nzima inatulia, ndio maana babu alikaa salama. Hatari ni kuikata, na grinda ndiyo mbaya kuliko zote, zile nyuzi huzioni kwa macho, ukizivuta zinakaa kwenye mapafu na saratani yake inaweza kuja baada ya miaka 20 mpaka 40. Kwa macho hakuna anayeweza kuthibitisha, sampuli inapimwa maabara, mpaka hapo ichukulie kuwa ni yenyewe. Usifagie kavu. Funga mlango wa chumba, asiingie mtu, kesho wapigie NEMC (baraza la mazingira) au OSHA (wakala wa usalama kazini) wakuelekeze nani anaruhusiwa kuitoa

Msema Kweli: Hii ni chai jamani. Huyu mwezi wa 3 alileta uzi anauliza bei ya kuuza nyumba ya urithi Lushoto, leo anaikarabati? Anataka kufunika asbestosi na gipsam amuuzie mtu. Bi mkubwa katiwa humo ili tumuonee huruma

Kigogo2: Weka picha ya dari mkuu

Mzawa wa Usambara: Uzi wa mwezi wa 3 ni wangu sikatai. Ndugu zangu ndio wanataka iuzwe, mimi na mama hatutaki, ndio nikasema nikiitengeneza ikakalika watanyamaza. Asbestosi sikuitaja mapema kwa sababu nilijua mtaniambia nisimamishe

Mama Twalib: Mwanangu hayo ya kuuza yaache. Fundi alipokata na grinda mama alikuwa wapi?

Mzawa wa Usambara: Alikuwa chumba cha pili. Jioni alifagia yeye mwenyewe

Mama Twalib: Na usiku amelala wapi?

Mzawa wa Usambara: Humo. Nimempigia sasa hivi, anahamia kwa shangazi usiku huu huu, nguo za siku ile nimemwambia asizikung'ute. Fundi hapokei simu na kesho saa 2 asubuhi anarudi kazini, natoka Tanga alfajiri nimuwahi