Tupeane uzoefu: Ni kazi gani iliyokufanya uamue kama HTML ni lugha ya programu au siyo?

Mleta mada, Sakina, Arusha

Wadau, habari za majukumu. Swali la iwapo HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, ni lugha ya programu tumelibishania mara nyingi kwa kutupiana fasili, na kila mtu huondoka na fasili aliyokuja nayo. Naomba safari hii kila mmoja aeleze kazi aliyoifanya mwenyewe, ambayo ndiyo iliyompa jibu alilonalo. Naanza mimi.

Nilipoanza kutengeneza tovuti za kampuni ndogo za utalii hapa mjini, nilikuwa ninajua HTML na CSS (ya kupangia rangi na mwonekano) peke yake, na sikuona ninachokosa. Mteja mmoja, mama mwenye ofisi karibu na Mnara wa Saa, aliniletea bei za kupanda Kilimanjaro kwa njia za Machame, Marangu na Lemosho. Jedwali lilinichukua asubuhi moja na lilipendeza. Jioni akanipigia simu: "Mwanangu, hiyo bei ni ya mtu mmoja. Wakija wanne wanachangia gari na mwongozaji, kwa hiyo bei ya kila mmoja inashuka. Nataka mgeni aandike wako wangapi, tovuti imjibu."

Nilikaa mpaka usiku wa manane nikitafuta tagi, yaani alama ya HTML, ya kugawanya. Haipo. HTML ilijua kwamba 1,850 ni maandishi yaliyomo ndani ya kisanduku cha jedwali, lakini haikujua kwamba ni namba inayoweza kugawanywa, haikuwa na mahali pa kuihifadhi idadi ya wageni, wala haikuwa na namna ya kusema "wakizidi watatu, fanya hivi". Nikaishia kuandika majedwali sita, kuanzia la mtu mmoja hadi la watu sita, nikayaunganisha kwa viungo ili mgeni abofye la kwake. Mama aliyapokea shingo upande. Ada za hifadhi zilipobadilika, nililazimika kusahihisha bei moja moja katika majedwali yote sita, na katika lile la tano nikaruka mstari mmoja ambao mgeni kutoka Ujerumani aliuona kabla yangu, akadai alipe bei ile ile iliyoandikwa.

Nilipojifunza JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya kurasa za tovuti, majedwali yale sita yakawa mistari isiyofika 20. Kwa hiyo jibu langu ni hapana: HTML inaeleza kitu ni nini, haielezi kifanywe nini. Karibuni.

Mjumbe, Tengeru

Ndugu mleta mada, kuhusu HTML nakuunga mkono, lakini usizifunge lugha zote za alama katika kamba moja. Tasnifu yangu ilihusu madini ya floraidi katika visima vya kandokando ya Mlima Meru (sisi wenyeji tunayajua kwa rangi ya meno yetu), na niliiandika kwa LaTeX, ambayo imejengwa juu ya TeX, mfumo wa kupangia matini wa mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, ulioanza kutumika mwaka 1978. Nayo ni lugha ya alama: unaandika matini, unaonyesha hiki ni kichwa, hiki ni kielezo. Lakini nilikuwa na sampuli nyingi, na msimamizi alitaka kila kisima kinachovuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kiandikwe kwa herufi nzito. Niliunda amri yangu ndogo inayopokea kipimo, inakilinganisha na 1.5, kisha inaamua yenyewe. Kikwazo kilikuwa kwamba masharti ya msingi ya TeX hulinganisha namba kamili, si desimali, hivyo ilinibidi nizigeuze namba zangu ziwe vipimo vya urefu, na floraidi ya Meru ikapimwa kwa pointi za wachapaji. Ilikubali. Mimi niliyekuwa ninaandika tasnifu tu, nilijikuta ninaandika programu bila kubadilisha lugha.

Mjumbe, Kijenge

Langu ni fupi. Katika usaili wa kazi niliorodhesha HTML chini ya "lugha za programu". Mmoja wa wasaili akanisukumia karatasi na kusema, "Tuandikie kitanzi cha kuhesabu 1 hadi 10 kwa HTML," yaani agizo moja linalojirudia lenyewe. Niliandika orodha ya namba yenye tagi kumi. Walicheka, ingawa mpaka leo naamini kivinjari kingeionyesha hesabu hiyo bila kosa lolote. Kazi sikupata.

Mwalimu, Ngaramtoni

Nami niliwahi kuamini kwamba HTML haiamui chochote, hadi nilipowafundisha wanafunzi kutengeneza fomu. Ukiliweka neno "required" kwenye kisanduku cha jina, kivinjari kinakataa kutuma fomu iliyo tupu, na hujaandika hata herufi moja ya JavaScript. Je, huko si kusema "ikiwa hakuna jina, usiende"? Upande wa pili, mwanafunzi akisahau koloni katika lugha ya programu ya Python, programu yake haianzi kabisa, bali akisahau kufunga tagi ya HTML, kivinjari kinamzibia pengo na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanaipenda HTML kwa sababu hiyo, na mimi huichukia kwa sababu hiyo hiyo, maana kazi ya kutafuta makosa yaliyozibwa inabaki kwangu.

Mleta mada, Sakina, Arusha

Mwalimu, mfano wako umenipa shida. Nadhani sharti hilo liliandikwa na waliotengeneza kivinjari, nawe umeweka lebo tu ya kuliita. Hata hivyo nakiri kwamba HTML na CSS kwa pamoja zimeshaonyeshwa zikiendesha Kanuni ya 110, kanuni ndogo ya kubadilisha safu ya visanduku hatua kwa hatua, ambayo kinadharia inatosha kwa hesabu yoyote, ila mtu lazima abofye ili kila hatua isonge mbele. Nilijaribu mwenyewe. Baada ya kubofya kwa dakika kumi, nilianza kujiuliza kompyuta ni ipi kati yetu wawili.

Mjumbe, Moshi

Wanangu, mimi ni mstaafu wa uchapaji, tangu enzi za kupanga herufi za risasi moja moja. Alama mnazobishania zilikuwa kazi yetu. Muswada ulikuja kwetu ukiwa umechorwa na mhariri kwa kalamu: mstari mmoja chini ya neno ni herufi za mlazo, mistari mitatu ni herufi kubwa, mstari wa mawimbi ni herufi nzito. Maelekezo ya maneno yaliandikwa pembeni na kuzungushiwa duara, ili mpangaji ajue kwamba si sehemu ya matini.

Mleta mada, Sakina, Arusha

Shikamoo mzee wetu. Duara lenu ndilo mabano yetu haya: < >. Goldfarb, Mosher na Lorie walipounda lugha ya alama ya GML pale kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1969, jina lake likabeba herufi za kwanza za majina yao, walikuwa wakiihamishia kwenye mashine kazi ya alama kama hizo zenu. Kutoka hapo ikaja SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, kisha Tim Berners-Lee akaifuata alipobuni HTML. Lakini kwenu nani alikuwa anaamua: alama au mpangaji?

Mjumbe, Moshi

Marahaba. Mpangaji, mwanangu, tena mpangaji mzoefu. Siku moja mhariri alisahau duara kwenye kadi za harusi, na kijana mgeni kazini akapanga kila alichokiona. Zikatoka kadi 200 zinazowaalika wageni kwenye ndoa ya "kijana wao mpendwa herufi nzito".