Wiki tatu kabla ya mtihani wa saluni na nadharia hainiingii. Nifanyeje?

BintiMajengo:
Assalaam aleikum wanaukumbi. Nisaidieni mwenzenu. Nasomea nywele na urembo hapa Mombasa, na baada ya wiki 3 nakaa mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, Gredi III. Mkono sina wasiwasi nao. Niletee kichwa chochote, hata cha mtoto anayelia, nitakisuka na atalala mapajani mwangu. Shida ni nadharia. Kitabu nikikifungua saa 3 usiku, saa 3 na robo nimekilalia. Zile hatua za ukuaji wa nywele, anajeni, katajeni, telojeni: nikifika ya tatu, ya kwanza imeshatoka. pH, kile kipimo cha asidi na alkali, ndiyo usiniambie. Naweza kutia dawa ya kunyoosha nywele kichwa kizima nisimchome mtu hata sikio, lakini ukiniuliza dawa yenyewe ina pH ngapi nababaika.

Nisome vipi? Ama niahirishe hadi awamu ijayo? Ila kuahirisha ni kama haiwezekani. Nina sababu zangu.

KinyoziLikoni:
Waleikum salaam. Kwanza lala. Pili, kusuka mistari ya watoto wawili, wa miaka 6 na 8, ni bei gani kwenu? Mama yao kasafiri na mimi najua mashine tu.

MamaWawili:
Mwanangu, hizo pH waachie wenyewe, we soma ngozi. Mimi siku ya hina yangu nilipakwa piko na mtu aliyesifiwa mtaa mzima. Kumbe alichanganya unga wa rangi ya nywele moja kwa moja, ule wenye kemikali ya PPD. Usiku wa manane mikono yanichoma kama nimeitia kwenye sufuria ya viazi karai. Asubuhi maua yote yamekuwa malengelenge, mstari kwa mstari, hata jani la mwisho kwenye kidole lilitoka vizuri sana, ila kwa usaha. Picha za harusi nimevaa glavu nyeupe kama askari wa gwaride. Hadi leo, mwaka wa 11, rangi yoyote ya nywele nyeusi ikinigusa navimba macho. Sasa waulize mafundi wangapi humpaka mteja tone nyuma ya sikio wakangoja saa 48. Hilo ndilo la kusoma.

BintiMajengo:
Pole sana mama. Hilo la kujaribu rangi kwanza nalijua. Nauliza namna ya kukariri.

MwalimuWaZamani:
Usikariri. Wasoma maneno ya Kizungu kama kasuku ndiyo maana yatoka. Chukua unywele wako mmoja, upitishe vidole viwili kutoka ncha kwenda shina. Wakwaruza? Sasa rudi kutoka shina kwenda ncha. Wateleza. Hayo ni magamba, kama ya samaki changu pale Marikiti, yamelalia upande mmoja. Ndiyo kutikula. Chini yake kotiksi, ndiyo nyama, mna nguvu na rangi. Katikati medula, na nywele nyembamba huenda zisiwe nayo kabisa.

Dawa kali ina pH ya 12 hadi 14. Ngozi na nywele ziko 4.5 hadi 5.5. Na kila hatua moja ya pH ni mara 10, kwa hivyo kutoka 5 hadi 12 si tofauti ya saba, ni mara milioni 10. Dawa hufungua magamba, ikaingia kwenye kotiksi, ikavunja vifungo vya salfa vinavyoshika mkunjo. Ndiyo maana usipoosha kwa shampuu ya kuizima, inaendelea kula hata mteja akishafika kwao Kongowea.

Zile tatu za ukuaji zifikirie kama mtu wa bandarini. Anajeni ni kazini, miaka 2 hadi 7. Katajeni ni kukabidhi zamu, wiki 2 au 3. Telojeni ni kulala, kama miezi 3, kisha unywele waanguka na mwenzake ashika zamu. Peroksaidi, ile ya kuchanganya na rangi ya nywele: volyum 10 ni asilimia 3, 20 ni 6, 30 ni 9, 40 ni 12. Haya, hukukariri kitu.

Sasa nijibu na wewe. Kwa nini kuahirisha hakuwezekani? Watu huahirisha kila siku.

BintiMajengo:
Mwalimu Mungu akuweke. Ile ya bandarini imeingia hapo hapo. Kuhusu kuahirisha, ni mambo ya usajili tu.

MwalimuWaZamani:
Mambo gani ya usajili?

BintiMajengo:
Ya kifamilia.

UziNaSindano:
Usajili wa kifamilia? Hebu sema vizuri shoga, hapa hakuna anayekujua.

HoustonNaPwani:
Mimi mtoto wa Tudor, sasa niko Texas. Huku leseni ni ya jimbo. Saa 1,000 za mafunzo ndipo ukae mtihani, wa nadharia na wa vitendo. Lakini anayesuka nywele za asili tu, bila dawa wala rangi, hahitaji leseni tangu 2015. Nilipogundua nilikuwa nimeshalipa karo ya muhula. Mume wangu alicheka siku tatu. Mtihani wenyewe si mgumu, wengi huangushwa na usafi: kitana kikianguka ukakiokota ukaendelea nacho, hapo umejimaliza. Uliza kama na kwenu wanatazama hivyo.

KinyoziLikoni:
Wanatazama. Mimi nilifanya zamani NITA bado ikiitwa DIT. Jamaa mbele yangu alinyoa vizuri kuliko sisi sote, lakini alipuliza nywele kwa mdomo zitoke kwenye mashine. Mtahini akaandika kitu kirefu sana. Ile bei bado sijajibiwa.

BintiMajengo:
Sawa, nitasema, lakini msinirukie.

Jina lililosajiliwa si langu. Ni la dadangu. Ami yetu wa Maskati alilipa karo ya mwaka mzima kwa ajili yake. Akasoma wiki 5, posa ikaja, akaolewa Lamu. Mama akasema pesa ya watu haiwezi kupotea hivi hivi, nenda wewe ukakae pale. Nikaenda. Wakaita jina lake nikaitika, na tangu siku hiyo ndiyo jina langu, chuoni na hata saluni ninakofanya kazi. Kwa hivyo nikiahirisha, yaani nikajisajili upya kwa jina langu, wataniuliza huyu ni nani.

MamaWawili:
Lailaha!

BintiMajengo:
Ndiyo nilisema msinirukie. Nimekaa darasani miezi 9, yeye wiki 5. Nani kasoma? Ni mikono ya nani iliyopasuka kwa kuosha vichwa? Sijaiba cha mtu. Bosi kaniambia nikileta cheti nitoke kwenye sinki nipewe kiti. Na dada mwenyewe amekubali, kitambulisho amenipa kwa mkono wake.

BahariYaShanga:
Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ina kosa la kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kudanganya. Kifungu cha 382. Mimi si wakili, lakini nimekaa sana na mawakili kwenye baraza ya kahawa.

UziNaSindano:
Achana na kifungu. Cheti kitatoka na jina la nani? Utakitundika saluni jina la mke wa mtu wa Lamu? Na Gredi II utakwenda kwa jina hilo hilo? Ukiolewa je? Akiachwa akarudi Majengo akataka kusuka naye je?

BintiMajengo:
Gredi II bado. Tuvuke hili kwanza.

MamaWawili:
Mimi namlaumu mama yako, samahani. Sisi wazazi wa Pwani pesa ya mtu wa Arabuni twaiogopa kuliko Mungu. Ami angepigiwa simu tu: huyu kaolewa, tumempa mdogo wake nafasi. Angesema nini? Ami yangu mimi alimsomesha binamu yangu udaktari wa meno akaishia kuuza simu Mwembe Tayari, na wala hakukasirika. Alisema tu, basi niuzie moja.

MwalimuWaZamani:
Kitambulisho kina picha, binti.

BintiMajengo:
Twafanana. Watu hutuchanganya tangu utotoni. Tofauti ni kidoti tu, yeye ana kidoti shavuni na mimi sina. Hicho nakitia kwa penseli ya wanja kila asubuhi kabla ya kutoka. Naanza kwa kahawia, nagonga kidogo na kidole, kisha tone la nyeusi katikati, juu yake poda isitembee kwa jasho. Hata mama akinitazama haraka huniita jina lake.

MkuuKigamboni:
Wakuu habari za usiku. Nimesoma tangu juu mpaka hapa. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Tena chai ya rangi, haina hata tangawizi. Kidoti cha wanja? Miezi 9? Darasa zima hakuna hata mmoja anayetoka mtaa wao? Majengo hiyo ninayoijua mimi, ukipiga chafya wanajua umelala bila shuka. Na mwaka jana kulikuwa na uzi hapa hapa wa jamaa aliyemfanyia kaka yake mtihani wa udereva, mtiririko ni huu huu, hata "msinirukie" ilikuwemo. Mwandishi ni mmoja. Mods angalieni.

KinyoziLikoni:
Mimi pia nimeanza kushuku. Fundi wa kweli angeshanitajia bei.

HoustonNaPwani:
Ile ya udereva naikumbuka! Jamaa alisema alifeli, kaka akamdai pesa ya mafuta.

BahariYaShanga:
Ila maelezo ya kidoti yana ufundi. Mtunzi wa kiume hawezi kujua habari ya poda.

MkuuKigamboni:
Kaka, intaneti ipo.

BintiMajengo:
Mimi nimekuja na shida yangu mwanifanya kichekesho. Mwataka ushahidi gani? Nina kichwa cha doli hapa juu ya kabati, nimekisuka na kukifumua hadi nyuma ya sikio la kushoto kimetoka kipara, kile cha kuvutwa sana ambacho kwenye kitabu kimeandikwa na mimi nacheka kwamba doli wangu ameugua. Mama hukifunika leso usiku kwa sababu kinamtazama. Juzi darasani mwenzangu mmoja aliyenijua zamani shule ya msingi aliniita jina langu la kweli kutoka mlangoni. Mara mbili. Sikugeuka, na si kwa kujikaza, wallahi. Sikusikia kama naitwa mimi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si pH. Haya endeleeni kunywa chai.

UziNaSindano:
Pole. Mimi nakuamini.

MwalimuWaZamani:
Nakuamini nusu, na nusu hiyo yanitosha kukujibu. Uliza ofisini, ukitaja jina lako, kama waweza kujisajili awamu ijayo peke yako. Anayejua kazi aweza kupimwa kazi, kuna hata utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Miezi 9 iko kwenye mikono yako, haiko kwenye jina.

BintiMajengo:
Picha za pasipoti nimeshapiga, mwalimu. Nane. Na kidoti.

MkuuKigamboni:
Tangawizi sasa imeingia kidogo.

KitiChaNyuma:
Jamani mimi huwa nasoma tu sichangii. Huyu si mtunzi. Nilianza kushuku kwenye ile ya jina kuitwa mara mbili, nikasubiri. Shoga, kidoti chako Jumanne kilikuwa shavu la kulia, Alhamisi kikahamia la kushoto. Tuliokaa nyuma tumeona sote, tulidhani ni fasheni. Na kile kitana changu cha mkia, cha waridi, ulichoazima siku ya mazoezi ya rola, naomba.

MamaWawili:
Yallah.

HoustonNaPwani:
Naacha kazi hapa nikae nisome.

MkuuKigamboni:
Naomba radhi kwa jambo la chai.

BahariYaShanga:
Au na huyu KitiChaNyuma ni akaunti yake ya pili.

KitiChaNyuma:
Mwambieni aje na kitana basi.

BintiMajengo:
Mods naomba mfute uzi huu tafadhali.

Msimamizi:
Uzi ukishachangiwa na watu haufutwi. Unaweza kuomba ufungwe.

BintiMajengo:
Basi ufungwe. KitiChaNyuma, kitana nitakuletea Jumatatu, nimekiosha na kukilaza kwenye dawa ya kuua viini, hakina unywele hata mmoja. Usiniite mbele ya mwalimu, nisogelee tu. Na wewe wa Likoni, mistari ya mtoto ni mia mbili kichwa, uje na mafuta yako.