Kipindi cha mabalozi waliouawa kazini: nianze wapi?

MwanaMafinga: Wakuu, naandaa dakika 10 za redio hapa Iringa. Nimtumie nani kama mfano, na mtandaoni tuweke picha gani?

Soko_Matola: Luca Attanasio wa Italia, aliyeuawa karibu na Goma 22 Februari 2021. Walikufa watatu: yeye, mlinzi wake Vittorio Iacovacci, na dereva Mkongo Mustapha Milambo. Taarifa nyingi za awali zilimwacha huyu wa mwisho akiitwa "dereva" tu. Taja majina yote ndani ya sentensi mbili za mwanzo. Msikilizaji wa redio hawezi kurudi nyuma kusoma.

Uyole88: Picha, weka ya balozi akiwa hai. Andrei Karlov wa Urusi alipigwa risasi Ankara, Desemba 2016. Picha ya muuaji akiwa na bastola ilishinda tuzo ya picha za habari ya World Press Photo, ila mwenyekiti wa majaji mwenyewe, Stuart Franklin, aliipinga: inampa muuaji jukwaa.

Soko_Matola: Na bomu la ubalozi wa Marekani Dar, 7 Agosti 1998! Walikufa 11, hakuna Mmarekani hata mmoja. Ukisema "ubalozi wa Marekani ulishambuliwa" ukaishia hapo, umewafuta.

MwanaMafinga: Nimewapata. Dar inaingia kwanza.